Kijana Yumo, Kiongozi Hayumo

Mwaka 1952 Rashidi Mfaume Kawawa alikuwa na miaka 26, mtumishi wa serikali ya kikoloni, mzaliwa wa Songea aliyesoma Tabora. Mwaka huo akawa nyota wa sinema. Filamu iliitwa Muhogo Mchungu, ilizungumza Kiswahili, na ilitengenezwa na kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini kwa mpango wake na serikali ya Tanganyika. Kawawa aliigiza mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam akiwa hajui mji, akaangukia mikononi mwa wajanja. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, Julius Nyerere alipouacha uwaziri mkuu ili akaijenge TANU, aliyekabidhiwa kiti hicho ni Kawawa huyo huyo.

Ni nchi chache ambazo sinema yao ilianza namna hii. Mshamba wa kwanza kujulikana kwenye filamu za Kiswahili ndiye aliyekuja kuongoza serikali. Mtu mmoja alikuwa vyote viwili, kijana anayepotea mjini na kiongozi anayepanga maisha ya vijana. Filamu zilizofuata zilimbakiza mmoja tu. Kijana ameigizwa tena na tena: anafunga begi, anapanda basi, anaibiwa, anaharibika, anarudi au anakufa. Kiongozi amebaki nje ya picha, na swali la nani aliyemfanya kijana aondoke kwao limekaa miaka mingi bila kuulizwa.

Sura hii inalitazama jambo hilo kutoka Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa. Huko ni zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam, mahali ambapo filamu nyingi za Tanzania hutengenezwa na ambapo karibu zote huishia. Aliyetoka Ufipa akafika Kariakoo ameikata nchi kutoka mpaka wa Zambia hadi baharini. Sababu zake za kuondoka zinaonekana kwa macho, zimefungwa kwenye magunia na kupangwa mlangoni.

Somo la Muhogo Mchungu halikuanza na Kawawa. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulipiga kambi Vugiri, katika milima ya Usambara, ukatengeneza filamu fupi zipatazo 35 na kuzizungusha kwa lori Afrika Mashariki na ya Kati. Nyingi zilihusu ngozi, chai, mmomonyoko wa udongo, minyoo na kodi. Moja, Gumu, ilimhusu kijana wa shamba anayeharibikiwa mjini. Waliozitengeneza waliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika alihitaji kuonywa, na onyo lenyewe lilikuwa kwamba mji si mahali pako.

Wakati onyo hilo likizungushwa, Ufipa ilikuwa ikipoteza wanaume wake. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha taslimu haikuota kwenye matuta ya ulezi. Ilikuwapo kwenye mkonge wa Tanga, kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa upande wa Chunya, na kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini. Wafipa walikwenda kote huko. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli, wengine hawakurudi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha SILABU, chombo cha kukusanya manamba kutoka mikoa ya mbali. Mwaka huo huo serikali ilipitisha sheria ya kuwaondoa mijini watu isiowataka, wale waliokuwa wakiitwa wahuni. Mkono mmoja ulimtoa kijana kwao, mkono wa pili ukamkamata alipoonekana mjini bila kazi. Hakuna filamu ya wakati ule iliyoionyesha mikono hiyo miwili kwa pamoja. Kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa usiku kwenye uwanja wa bomani alionekana mshamba peke yake, na kosa likawa lake.

Uhuru ulibadili sauti ya msimulizi. Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliundwa 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, na katika miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge. Mhusika wake, Yombayomba, ni mkulima asiye na ardhi. Anakwenda mjini kutafuta kazi, anaikosa, na wokovu wake anaupata kwenye ujamaa. Filamu hii inastahili heshima kuliko zilizoitangulia. Maskini wake si mjinga wa kuchekwa. Ni mtu anayenyonywa, na unyonyaji wenyewe unatajwa kwa jina. Kwa mtazamaji aliyezoea kuona watu wa aina yake wakifanywa kichekesho, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Hata hivyo, basi lilirudi pale pale. Jibu la Fimbo ya Mnyonge kwa kijana aliyehama lilikuwa arudi kijijini, na kijiji alichorudia hakikuwa na kasoro. Kawawa alikuwa Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977, miaka ile ya Operesheni Vijiji, ambapo mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa hiari, wengine kwa lori na amri, hadi serikali ikatangaza kwamba zaidi ya watu milioni 13 wanaishi katika vijiji vilivyopangwa. Mkoa wa Rukwa wenyewe ulizaliwa katikati ya pilikapilika hizo, mwaka 1974. Kwa hiyo kulikuwa na visa vya kutosha: ofisa anayechagua eneo lisilo na maji, mzee anayegoma kuacha makaburi ya wazazi wake, katibu wa tawi anayegawa mashamba kwa jamaa zake. Na mwaka 1983, sheria ya Nguvu Kazi ilipoanza kuwasomba wasio na kazi Dar es Salaam na kuwarudisha mashambani, Yombayomba wa kweli walikuwa wanashushwa kutoka kwenye magari huku wakilindwa. Sinema ya taifa ilikuwa mali ya serikali. Haikuweza kuinua kamera kumtazama mwenye mali.

Kisha ikaja video, na serikali ikaacha kuwa mtengenezaji pekee. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa baada ya Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003, vijana wenye kamera ndogo na bajeti ndogo zaidi walijenga biashara nzima iliyokuja kuitwa Bongo Movie. Kanda, kisha VCD na DVD, zilitoka Kariakoo na kufika kila wilaya. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliofurika Dar es Salaam kumzika ulikuwa ushahidi kwamba Watanzania walikuwa wamepata sinema waliyoiona kuwa ni yao.

Ilifika hadi Ufipa, na hadithi ya namna ilivyofika ni nzuri. Sumbawanga haikuwa kwenye gridi ya taifa. Kwa miaka mingi umeme wake ulitoka Zambia, na kwenye vijiji ambavyo nguzo hazikufika kulikuwa na jenereta, na kabla ya simu za mkononi kulikuwa na kibanda cha video. Benchi za mbao, pazia jeusi mlangoni, na filamu ya Kichina iliyotiwa sauti ya Kiswahili na msimulizi kama Lufufu, ambaye hakutafsiri tu bali aliongeza majina, maeneo na utani wake hadi Hong Kong ikawa jirani na Manzese. Kijana wa Laela au Namanyere aliiona Dar es Salaam kwa namna hiyo miaka kadhaa kabla hajaikanyaga.

Mabasi ya kwenda Mbeya na Dar es Salaam huondoka Sumbawanga mapema, baridi ya uwanda ikiwa bado inauma vidole. Anayeondoka amekaa dirishani, begi miguuni. Ndani ya begi mna nguo, cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha ya kaki, na kilo chache za maharage za kumpelekea shangazi atakayempokea Mbagala. Hata Laela hawajafika, kondakta ameshawasha skrini. Inaanza Bongo Movie: geti linafunguliwa na mlinzi, gari jeupe linaingia, mwanamke anashuka ngazi akiongea na simu, na kwa saa nzima watu waliovaa vizuri watagombana sebuleni kuhusu ndoa na urithi. Nje ya dirisha mahindi yanapita. Barabara hii hadi Tunduma ilikuwa vumbi na matope hadi ilipowekwa lami kwa fedha za mfuko wa Marekani wa Changamoto za Milenia, na kabla ya hapo safari hiyo hiyo ilimlaza abiria njiani. Lakini ndani ya basi hakuna anayetazama nje. Filamu inamfundisha abiria kiti cha kukalia huko aendako, nguo ya kuvaa, hata namna ya kushika glasi. Haimwambii lolote kuhusu anakotoka.

Na inapokwenda shamba, Bongo Movie huwa na safari mbili. Ya kwanza ni mazishi. Ya pili ni mganga. Tajiri aliyeishiwa, mke anayetaka kumdhibiti mume, mwanasiasa anayetaka ubunge, wote hupanda gari kwenda kwa mzee mwenye shuka jekundu na tunguri. Katika mazungumzo ya mitaani mahali hapo pana jina moja kuliko mengine yote, nalo ni Sumbawanga. Mtu akisema anatoka huko, Dar es Salaam nzima inamtania kwa uchawi. Mji wenye maaskofu, shule za misheni, soko la nafaka na benki umefungwa kwenye mzaha mmoja, na filamu zimeunenepesha mzaha huo badala ya kuutazama.

Si sinema ya nyumbani pekee iliyoikosea Ufipa. The African Queen, filamu ya Hollywood ya 1951, ilitokana na riwaya iliyochochewa na vita vya mwaka 1915 na 1916 katika Ziwa Tanganyika na meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo ndiyo MV Liemba iliyokuja kuhudumia bandari za Kipili na Kasanga kwa miongo mingi. Picha zilipigwa Kongo na Uganda. Ufukwe wa Ufipa, wenye ngome ya Kijerumani ya Bismarckburg pale Kasanga, haukuonekana hata mara moja.

Uwanda huu una nini ambacho kamera ingekiona ikija? Una mahindi. Rukwa ni mmoja wa mikoa ya nyanda za juu kusini ambayo serikali huitegemea kuilisha nchi. Kisha una tarakimu mbili ambazo mtunzi yeyote wa mchezo angetamani kuzipata. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 na 2016 ulikuta kwamba watoto 56 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Rukwa walikuwa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2017 na 2018 ukaiweka Rukwa mbele ya mikoa yote ya Bara kwa umaskini wa mahitaji ya msingi: asilimia 45, wakati wastani wa Bara ulikuwa asilimia 26.4. Ghala la taifa ndilo lililokuwa na watoto waliodumaa kuliko wote. Kijana anayepanda basi alfajiri amekulia ndani ya kitendawili hicho, na mwenye akili timamu hawezi kusema anaondoka kwa tamaa ya taa za mjini.

Msimu wa 2014 mavuno yalikuwa makubwa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulinunua hadi maghala yakashindwa, na malipo yakachelewa. Wakulima walikaa miezi wakidai fedha za mahindi ambayo serikali ilikuwa imeshayachukua. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Mizengo Pinda, mtoto wa Mpanda, iliyokuwa sehemu ya Rukwa hadi Katavi ilipozaliwa mwaka 2012. Juni 2017 serikali ikapiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi, kwa hoja kwamba taifa lazima lijitosheleze kwanza. Hoja ilisikika vizuri Dar es Salaam. Ufipa, ambako mpaka wa Zambia wa Kasesya uko karibu kuliko Mbeya na wanunuzi wa ng'ambo ndio huinua bei, magunia yalibaki ndani na bei ikaanguka. Marufuku ililegezwa baadaye, lakini mwenye ada ya shule ya kulipa Julai alikuwa ameshauza kwa bei ya kutupa.

Huo ndio mchezo wa kuigiza. Una mtu anayejulikana na kila mtazamaji wa Rukwa: mchuuzi anayefika Februari na kununua mahindi yakiwa bado mabichi shambani, kwa sababu mtoto anaumwa na mama hana pa kushika. Una mizani kwenye kituo cha kununulia, mpima unyevu anayesema mahindi hayajakauka na kumrudisha mzee na mkokoteni wake, kisha kuyapokea mahindi hayo hayo jioni kutoka kwa dalali. Una lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu ili kilo za ziada zichukuliwe bila kulipwa, jambo lililokatazwa na sheria na linaloonekana mchana kweupe. Una diwani anayeahidi na ofisa anayesaini. Una mvulana wa miaka 19 anayetazama yote hayo kutoka nyuma ya mkokoteni, kisha kuomba nauli. Filamu hiyo haijatengenezwa mahali popote. Wanaoijua ni wale walioiishi.

Filamu moja, iliyotengenezwa na mgeni, ilikaribia. White Shadow ya Noaz Deshe, iliyopigwa Tanzania na kupewa tuzo ya filamu bora ya kwanza huko Venice mwaka 2013, inamfuata Alias, kijana mwenye ualbino, ambaye baba yake anauawa na wanaotafuta viungo, naye anapelekwa mjini kwa mjomba ili aokoke. Hapa kuhama si ujinga wala tamaa. Ni kukimbia. Februari mwaka huo huo wa 2013, mkoani Rukwa, mwanamke na mtoto wenye ualbino walikatwa mikono katika mashambulizi mawili tofauti. Na mwaka uliofuata, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walionya kwamba mashambulizi yanaweza kuongezeka uchaguzi wa 2015 unapokaribia, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba viungo vya binadamu huleta ushindi. Yule mwanasiasa wa Bongo Movie anayekwenda kwa mganga, ambaye huwa ni wa kuchekesha au kutisha kidogo, ana jamaa zake katika maisha halisi, na mwisho wa safari yake kuna mtoto. Sinema iliyozoea tunguri ingeweza kufuata gari lile hadi mwisho. Imekuwa ikikata picha mlangoni kwa mganga.

Kwa nini? Jibu la haraka ni sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, ilimtaka mtengenezaji apate kibali kabla hajawasha kamera, na maombi yaambatane na maelezo ya filamu yenyewe. Aliyeandika kuhusu mkuu wa wilaya mla rushwa alipaswa kuipeleka hadithi hiyo kwa serikali ile ile ya mkuu wa wilaya. Wengi hawakukataliwa. Hawakuomba. Walijikata wenyewe mezani, wakaandika kuhusu mama mkwe.

Tukio la 2006 liliwakumbusha. Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper kuhusu sangara, umaskini na ndege za mizigo Mwanza, ilikuwa imeshindania Oscar. Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani, yakafanyika maandamano ya kuipinga, na mwandishi wa habari wa Kitanzania aliyezungumza ndani yake akaandamwa. Filamu hiyo ina makosa ya kujadiliwa, na wakazi wengi wa Mwanza waliona imewadhalilisha. Lakini mtengenezaji mchanga wa Mbeya au Sumbawanga hakuchukua somo la namna ya kutengeneza filamu bora kuliko ile. Alichojifunza ni kwamba mambo ya viongozi hayaguswi.

Soko nalo lilikuwa na neno. Msambazaji wa Kariakoo alitaka mapenzi, vichekesho na majini, kwa sababu ndivyo vilivyouza, na chaneli za filamu zilizokuja baadaye, Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo, zilikuta ladha hiyo imeshaiva. Zaidi ya hapo, Watanzania walikuwa na mchezo mwingine wa viongozi uliooneshwa bure: Bunge. Februari 2008 nchi nzima ilikaa mbele ya runinga kutazama ripoti ya kashfa ya umeme ya Richmond ikisomwa na Edward Lowassa akijiuzulu uwaziri mkuu. Miaka kadhaa kabla ya hapo Chrisant Mzindakaya, mbunge wa Kwela kutoka huko huko Ufipa, alishajipatia sifa kwa yale yaliyoitwa mabomu, tuhuma nzito alizozilipua ndani ya ukumbi mawaziri wakiwa wamekaa. Mwandishi gani wa filamu angeshindana na hayo? Januari 2016 matangazo ya moja kwa moja ya Bunge kwenye televisheni ya taifa yakakatwa. Pengo hilo lilikuwa la sinema kuliziba, nayo haikuliziba.

Zipo filamu ambazo zimejaribu, na zinastahili kutajwa kwa heshima. Josiah Kibira, akiwa Minnesota, alitengeneza Bongoland mwaka 2003, kuhusu Mtanzania anayehangaika Marekani na kuota nyumbani, kisha mwaka 2008 akamrudisha nyumbani katika Bongoland II, ambako nchi aliyoiota haifanani na aliyoikuta. Ni mara chache sinema ya Tanzania imemfuata mhamiaji kwenda na kurudi na kumwacha awe mtu mwenye mashaka yake. Amil Shivji, katika filamu fupi ya Shoeshine ya 2013, alimketisha mtoto anayeng'arisha viatu Dar es Salaam miguuni pa wakubwa na kuwaacha waongee. Vuta N'kuvute yake, ya 2021, iliyotoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, ni filamu nzuri kwa macho kuliko karibu zote zilizowahi kupigwa nchini, na vijana wake wanapambana na utawala bila woga. Utawala wenyewe ni wa Waingereza, Zanzibar ya miaka ya 1950. Wakoloni hawana ofisi ya kuwasilishia malalamiko.

Kenya ilithubutu mapema. Nairobi Half Life ya David Gitonga, ya 2012, ina Mwas, kijana wa mashambani anayeuza filamu za kigeni kwa kuziigiza mbele ya wateja, anayetaka kwenda Nairobi kuwa mwigizaji. Anaporwa siku ya kwanza, kama Kawawa kwenye Muhogo Mchungu miaka 60 kabla yake. Tofauti inakuja hapo. Kamera inauliza nani anafaidika na wizi, na inawakuta polisi. Mwas si mjinga aliyepotea. Amefika mahali ambapo wenye sare ndio wanaogawa mapato ya uhalifu. Wakenya walijaa kwenye kumbi kuitazama, nayo ikawa filamu ya kwanza ya nchi hiyo kupelekwa kushindania Oscar.

Senegal wamekwenda mbali zaidi kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1973 Djibril Diop Mambéty alionyesha katika Touki Bouki vijana wawili wanaotafuta kwa kila hila nauli ya meli kwenda Paris. Miaka miwili baadaye Ousmane Sembène, katika Xala, aliwavua nguo wakubwa wapya wa baada ya uhuru. Mwaka 2019 Mati Diop akayaunganisha mambo hayo mawili katika Atlantique: mafundi wanaojenga mnara wa kifahari Dakar hawajalipwa kwa miezi, wanapanda mtumbwi kwenda Ulaya, wanazama, kisha roho zao zinarudi kudai mishahara. Mzimu umo, wa kutosha kumridhisha mpenzi yeyote wa filamu za majini. Lakini unakwenda nyumbani kwa mdaiwa. Mkulima wa Rukwa aliyesubiri malipo ya mahindi mwaka 2014 angeielewa filamu ile bila tafsiri.

Nchini, mfano ulio karibu zaidi na kile ambacho Ufipa ingeweza kufanya umetoka wilaya ndogo ya pwani. Mwaka 2015 asasi ya UZIKWASA ya Pangani ilitoa Aisha, iliyoongozwa na Chande Omar. Mwanamke aliyehamia mjini anarudi kwao kwa ajili ya harusi, anabakwa, na jamii inataka kuyamaliza kimya kimya. Viongozi wa mahali pale hawako nje ya picha. Wamo, wenye majina na vyeo, wakipima aibu yao dhidi ya haki yake. Filamu ilipigwa Pangani, ikawashirikisha watu wa Pangani, na ikaonyeshwa kwao. Hakuna jumba la Mbezi Beach ndani yake, na hakuna aliyelikosa.

Rukwa ina wilaya tatu, Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, na kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya milioni moja na nusu. Ina maporomoko ya Kalambo yanayoanguka zaidi ya mita 200, milima ya Mbizi, mabaki ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyusha chuma, na mashamba yasiyo na mwisho machoni. Ina wapiga video wa harusi na send-off wenye kamera zinazopiga picha safi kuliko zile zilizoanzisha Bongo Movie, na vijana wanaohariri kwenye simu. Msambazaji wa Kariakoo hana tena ufunguo, kwa kuwa filamu inaweza kupandishwa YouTube kutoka Matai. Kinachokosekana si vifaa. Ni mwandishi atakayeanza hadithi kwenye mizani ya mahindi badala ya stendi ya mabasi ya Dar es Salaam, atakayempa ofisa wa mizani jina, mke na deni, atakayeonyesha diwani akiwa mtu aliyeahidi akijua hataweza, na atakayemwacha kijana aondoke bila kumhubiria. Atakapoipeleka hadithi hiyo kuombewa kibali, Bodi ya Filamu italazimika kusema ndiyo au hapana kwa maandishi, na jibu hilo, liwe lipi, litakuwa la kwanza la aina yake kwa hadithi kutoka Sumbawanga.